Hasumbui Hata Kidogo

Jino lilianza Jumanne, na ilipofika Jumamosi asubuhi maumivu yalikuwa yameshahamia sikioni. Gego la mwisho, chini, upande wa kushoto. Siku nne nzima, jamani! Na katika nyumba ile ya watu wanne aliyejua habari zake alikuwa mmoja tu, mwenye jino mwenyewe, naye alikuwa ameapa hamwambii mtu.

Mwenye jino walimwita Samahani. Jina hilo hakupewa na wazazi, lilikuwa jina la karakanani, na aliyempa ni Misumari, fundi mzee aliyefanya kazi huku amebana misumari midogo kumi na tano mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Misumari alikuwa amechoka. Msichana akitaka mkasi, "Samahani, naomba mkasi." Akipita nyuma yako, "Samahani." Wewe ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anasema "Samahani." Siku moja alijigonga goti kwenye kochi, akaliomba radhi kochi.

"Basi," Misumari akasema kwa pembe ya mdomo, "kuanzia leo wewe ndiye Samahani. Tupunguze maneno."

Likamganda.

Karakana yenyewe ilikuwa uani kwao, chini ya bati. Makochi ya watu yaliingia pale yamebonyea, yamechoka, yanatoa springi nje kama mbavu. Yakavuliwa nguo mpaka mbao, yakafungwa mikanda mipya, yakajazwa sponji, yakavalishwa kitambaa, yakarudi kwao kifua mbele. Kazi ya Samahani ilikuwa kwenye cherehani. Alishona mifuko ya mito na mishono ya pembeni, ile inayozunguka kama kamba, na mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba wateja walidhani ni wa kiwandani.

Mwenye karakana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio, penseli ambayo kila siku aliitafuta nyumba nzima. Wateja walimwita Fundi. Misumari alimwita Fundi. Na Samahani naye alimwita Fundi, ingawa alikuwa amelala chini ya paa lake miaka kumi na tatu, na ingawa kabatini kulikuwa na cheti chenye muhuri wa mahakama kinachosema wazi kwamba mtu huyu ni baba yake.

"Mama" halikuwa neno gumu. Kila mwanamke mtu mzima ni mama, unaweza kumwita hivyo hata muuza nyanya usiyemjua. Lakini "Baba"! Unamwita mtu Baba, anageuka, anakuangalia. Halafu je, akikuangalia na kuona si wewe aliyetegemea? Hapana. Fundi lilitosha.

Alifika pale akiwa na miaka tisa na begi moja. Mama yake mzazi alikuwa mshonaji, jirani yao, akiishonea karakana mifuko ya mito. Akaugua, akafa, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Mke wa Fundi alikwenda kumchukua mtoto siku ile ile, hakungoja mtu amuulize. Wiki hiyo hiyo akaja mgeni, dada mmoja mwenye faili, akakaa sebuleni. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia.

"Na mtoto je, anaendeleaje?" mgeni akauliza.

"Hasumbui," Mama, yaani mke wa Fundi, akajibu. "Hasumbui hata kidogo."

Mtoto akayaokota maneno hayo, akakimbia nayo chumbani, akayatia moyoni kama mkataba. Alivyoelewa yeye, amechukuliwa kwa sababu hasumbui. Kwa hiyo siku akisumbua... Hapo sentensi ilikuwa haimaliziki, lakini haikuhitaji kumalizika. Miaka kumi na tatu! Hakuomba soda, hakuchagua nguo, hakununa, hakuumwa ila pale homa yenyewe ilipomwangusha mbele za watu. Sasa ana miaka ishirini na miwili, na jino linampiga nyundo, na bado mkataba uko pale pale.

Asubuhi hiyo mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo, akaingia Redio.

Redio alikuwa mdogo wake wa kike, mtoto wa kuzaliwa pale nyumbani, anasoma chuo, na kila mwisho wa wiki anarudi na nguo chafu na habari motomoto. Kudeka ndiko kulikuwa kipaji chake. Fundi alikuwa amekaa anapima kitambaa, futi ya kamba shingoni, na Redio akajitupa kwenye kochi lililo mbele yake akampachika miguu yote miwili mapajani.

"Baba, nimekufa."

"Umekufa unaongea?"

"Viatu vimenimaliza, Baba, angalia kidole hiki. Angalia vizuri! Na mmesikia? Yule mwalimu wetu mkali, yule wa takwimu, amechumbia! Amechumbia mpishi wa chuo! Sasa tutafaulu wote au tutashiba wote, moja kati ya hayo. Baba, huangalii kidole."

"Nakiangalia. Kimefanana na wewe, kinapenda kupiga kelele." Na Fundi, mtu mwenye mteja anayengoja, akaweka kitambaa chini akakisugua kidole.

Samahani alitazama kutoka kwenye cherehani, kama mtu anayemtazama mwenzake akitembea juu ya waya. Haogopi kuanguka huyu? Haogopi kabisa?

"Dada," Redio akageuka, "mbona shavu?"

"Shavu gani?"

"Hilo. Lina mimba."

"Nimelalia upande."

"Umelalia upande au upande umekulalia wewe?"

Samahani akacheka kwa nusu ya mdomo, ile iliyokuwa nzima, akakanyaga cherehani ili kelele zake zifunike maongezi.

Saa nne akaja Mchungaji kuangalia benchi lake. Lilikuwa benchi refu la mbele kanisani, lile la wazee wa kanisa, ambalo sponji yake ilikuwa imekwisha mpaka wazee wakawa wanasimama wakati wa nyimbo kwa furaha isiyo ya kawaida. Mchungaji alikuwa mwanamume mwembamba, mcheshi, asiyejua kukaa mahali panapofaa. Akakalia fremu tupu, moja kwa moja juu ya mikanda, akazama.

"Samahani," akasema Samahani, akikimbilia kumletea kiti.

"Niache, nimeshafika. Kwanza nilikuwa nakutafuta wewe. Jumapili iliyopita uliombea watoto wa darasa unalofundisha kanisani."

"Ndiyo, Mchungaji. Nilikosea?"

"Hukukosea. Ila ulianza 'Kwako Mwenyezi Mungu,' nikawa nangoja uweke na anwani."

Redio akaruka. "Na ile 'husika na kichwa cha habari hapo juu'! Naapa Mama alinifinya nisicheke!"

"Sikusema hivyo," Samahani akasema, uso umemwiva.

"Ulikaribia," Mchungaji akasema kwa upole. "Ulisema, 'Tunajua una kazi nyingi, tunaomba radhi kwa kukupotezea muda.' Ukamaliza kwa kuahidi kwamba hatutakusumbua tena wiki hii. Binti yangu, unamwomba Mungu kama mtu anayetafuta kazi."

"Ni heshima, Mchungaji."

"Sawa, heshima. Lakini nafasi ya kazi haipo. Iliyokuwepo ni nafasi ya mtoto, na ulishapewa."

Samahani akaweka kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha, ingawa kilikuwa kimenyooka. Jino likapiga. Akangoja lipite.

"Watoto wa kuzaliwa ndio wanaodeka," akasema polepole, bila kuinua macho. "Wa kuchukuliwa wanashukuru. Ndivyo ilivyo, na si vibaya."

Misumari akaacha kugonga. Fundi hakuwepo, alikuwa nje getini na mwenye kochi moja, wanabishana kama rangi ile ni maziwa au ni kahawa ya maziwa.

Mchungaji alijaribu kwanza kujinasua kwenye mikanda, akashindwa, akabaki humo humo.

"Kwa Mungu," akasema, "mtoto wa kuzaliwa ni mmoja tu. Unamjua. Sisi wengine wote tumechukuliwa. Mimi nimechukuliwa, wewe umechukuliwa, Misumari huyu amechukuliwa na misumari yake, na Redio amechukuliwa na kelele zake."

"Mimi?" Redio akashika kifua. "Mama alinizaa kwa uchungu wa saa kumi na nane!"

"Kwa Mama ulizaliwa. Kwa Mungu ulichukuliwa, kama dada yako. Hapo mko sawasawa, hakuna mkubwa."

Redio akafungua mdomo, akafunga. Misumari akamtazama kwa mshangao. Hakuwahi kuliona jambo hilo.

"Na yule mtume aliyewaandikia watu habari hizi," Mchungaji akaendelea, "aliwaambia hawakupewa moyo wa watumwa, wa kukaa roho juu juu kila siku. Walipewa moyo wa watoto. Alama yake je? Hakusema watoto hao wanajulikana kwa utulivu. Alisema wanalia. Wanaita Baba, kwa sauti. Na neno lenyewe walijifunza kwa yule mmoja wa kuzaliwa, ambaye naye alipoogopa aliliita."

"Mungu hachoki," Samahani akasema. "Yeye unaweza kumlilia."

"Sasa nani anachoka?"

Hilo lilikuwa swali ambalo lingemlazimisha kumaliza ile sentensi yake ya zamani. Akashika mshono aliokuwa ameumaliza, mkia wa uzi ukining'inia. Mkasi ulikuwa kwa Misumari, na kumwomba Misumari mkasi kungekuwa kumsumbua, kwa hiyo akafanya alivyozoea kufanya miaka yote: akapeleka uzi mdomoni aukate kwa meno. Tangu Jumanne alikuwa anakata upande wa kulia. Lakini mawazo yalikuwa kwenye swali la Mchungaji, na uzi ulikuwa ule mgumu wa nailoni, na mkono ukaenda kushoto.

Akauma.

"BABA!"

Ilitoka yenyewe. Ilipita juu ya bati, ikavuka ua, ikafika getini. Misumari yote kumi na tano ikamwagika sakafuni. Na kabla haijamaliza kudunda, Fundi alikuwa ameshaingia, stepla mkononi, futi ya kamba inamfuata nyuma kama mkia, amemwacha mteja katikati ya neno kahawa.

"Nini, mwanangu? Wapi? Umejidunga? Lete mkono."

"Jino," Samahani akasema, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, juu ya kitambaa cha benchi la wazee wa kanisa.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumanne!" Fundi akakaa chini kwenye furushi la sponji, likabonyea kwa pumzi ndefu. "Siku nne napita nyuma yako. Nakuuliza umelalaje, unaniambia salama."

"Samahani."

"Sitaki samahani. Fungua mdomo nione."

Akafungua. Fundi akachungulia, kichwa upande, kama anavyochungulia ndani ya kochi bovu, na machozi yakamlengalenga.

Wakati huo Redio alikuwa ameshapata sauti yake. Alikuwa anakimbia kuelekea jikoni. "Mama! Mama weee! Dada amesema Baba! Amepiga kelele! Anaumwa jino na amesema Baba!"

"Habari ni ipi sasa," ikasikika sauti ya Mama, "jino au Baba?"

"Zote mbili!"

Mchungaji bado alikuwa kwenye mikanda. "Nendeni," akasema, "mimi Misumari atanitoa."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono midogo na sauti ya kubembeleza. Chumba kilinukia dawa na karafuu. Fundi alitakiwa kungoja nje kwenye viti vya plastiki, lakini alikuwa ameshaingia, na kwa kuwa upande huu kulikuwa na daktari na upande ule trei ya vyuma, mahali pekee palipobaki ni miguuni. Akasimama hapo, akashika vidole vya miguu vya binti yake juu ya soksi.

"Likiuma nyoosha mkono," daktari akasema.

Samahani akanyoosha mkono.

"Bado sijagusa."

"Najua," akasema. "Naogopa."

Lo! Alijisikia mwenyewe akisema, akashangaa. Alingoja mtu akereke. Daktari akaitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa ni ngapi, na Fundi akaminya vidole.

"Kiti kizuri hiki," Fundi akamwambia daktari, kumpoza mtoto na kujipoza mwenyewe. "Ila kitambaa wamekubania vibaya huku chini. Kitafumuka. Nitakuja kukurekebishia."

Samahani akafumba macho kabla ya sindano. Alikuwa amezoea kuanza na Kwako Mwenyezi, lakini ganzi ilikuwa inakuja na muda haukuwepo. Baba, akasema moyoni. Ikaishia hapo. Lilikuwa neno lile lile la asubuhi, na safari hii pia ilionekana kwamba kuna aliyekuja akikimbia.

Nyumbani walimlaza sebuleni, kwenye kochi lao wenyewe, ambalo kama makochi yote ya mafundi wa makochi lilikuwa bovu kuliko ya wateja. Shavu limevimba, pamba mdomoni. Mama akaingia na bakuli la supu, akakaa ukingoni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na tangu mchana maneno hayo machache yalikuwa yamegoma kabisa. Sasa yakatoka.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mimi nakupikia nyama ngumu na wewe unatafuna. Kwa nini hukuniambia?"

Samahani akatoa pamba. "Ulisema sisumbui."

"Nilisema lini?"

"Kwa yule dada mwenye faili. Nilipokuja. Ulimwambia hasumbui hata kidogo. Basi nikawa... nisisumbue."

Mama akamwangalia. Kisha akaweka bakuli sakafuni.

"Mwanangu. Ulisikia mpaka wapi?"

"Hapo. Nilikimbia chumbani."

"Ungengoja kidogo!" Mama akajipiga paja. "Yule alikuwa dada wa ustawi wa jamii, na mimi nilikuwa namlalamikia! Nilimwambia hasumbui hata kidogo, nifanyeje? Mtoto amefiwa na mama yake, halii, haombi maji, anakunja shuka kama mgeni wa hoteli. Nilikuwa naomba msaada. Akaniambia mpe muda. Nikakupa muda. Miaka kumi na tatu nakupa muda! Ulidhani nakusifu?"

"Nilidhani ndilo sharti."

"Sharti gani? Nilikuja kukuchukua kwa sababu nilikutaka. Hukunifanyia chochote. Hata salamu hukunipa siku ile."

Mlangoni Redio alikuwa anafuta macho na kipindi hiki hakuwa na habari ya kutangaza. Fundi alikuwa nyuma yake, anatafuta penseli iliyokuwa sikioni.

Samahani alilala akitazama dari. Maneno yale matatu aliyobeba tangu utotoni aliyageuza huku na huku, na kila upande yalikuwa ya mama anayeomba msaada. Halikuwa jambo la kuzoeleka siku moja. Kuna kitu ndani yake kilikuwa bado kinataka kuomba radhi, kwa Mama aliyehangaika miaka yote, kwa mteja aliyeachwa getini, kwa benchi lenye madoa ya machozi. Akakiacha kiseme. Kisha akachukua bakuli, akaonja kijiko kimoja kwa upande wa kulia. Akaangalia bakuli. Akaangalia Mama. Moyo ulimwenda mbio kuliko kwenye kile kiti cha daktari.

"Imepoa," akasema.

Fundi akaacha kutafuta penseli.

"Imepoa?" Mama akauliza.

"Na haina chumvi."

"Ngoja, mwanangu! Ngoja, usiinuke!" Mama akanyakua bakuli, akaenda jikoni karibu anakimbia, na huko wakasikia sufuria ikigongwa na mtu anacheka peke yake.

"Hivi mnaona?" Redio akalalamika. "Mimi nikisema imepoa naambiwa nikapashe mwenyewe!"

"Wewe ulianza mapema," Fundi akasema, "umeshamaliza zamu yako. Mpe dada yako nafasi."

Kesho yake, Jumapili, walimwacha nyumbani apumzike, wakaenda kanisani watatu. Jua la saa tano liliingia dirishani likamkalia miguuni. Samahani akavuta shuka, akaanza kuomba, na hakujua aanzie wapi, basi akaanza na lililo karibu.

"Baba, shavu linawaka. Dawa ni chungu. Redio amevaa blauzi yangu bila kuniambia, na imempendeza, hilo nalo linanikera." Lililofuata hakuwahi kulisema mbele ya mtu yeyote, na kwa Mungu ndiyo kabisa, kwa sababu lilionekana kama kukosa shukrani. "Na mama yangu. Yule wa kwanza. Ulimchukua mapema, Baba, na mimi nilikuwa na miaka tisa, na sikulia. Sasa nalia. Nataka unieleze. Najua labda hutanieleza leo, lakini mimi nitakuuliza tena, kesho nitakuuliza, na jioni pia, mpaka..."

Akalia kidogo, bila haraka, shavu zima kwenye mto. Akasema habari nyingine mbili tatu za mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba cherehani ikienda, jinsi alivyokata uzi kwa meno. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Maneno yakawa mazito, yakaachana, na katikati ya sentensi, bila kuaga, bila hata kusema amina, akalala.